Kama ni GMO, iwe nyekundu

Mkulima wa Umalila, huku Mbeya, akimenya hindi jeupe na kukuta punje tano sita za njano hafifu zimetawanyika kati ya nyeupe, hamwiti mtaalamu. Anajua jirani kapanda mahindi ya njano, pengine ya kulishia kuku, na upepo umeleta chavua wakati mahindi yake yanatoa nywele. Ukimbana atakuonyesha hata shamba lenyewe, kwa sababu punje hizo huwa nyingi kwenye mistari ya ukingoni upande ule na hupungua kadiri unavyoingia katikati. Sehemu kubwa ya punje ni wanga wa kulishia mche, na wanga huo una vinasaba vya mama na vya baba pia. Njano huitawala nyeupe. Kwa hiyo baba mgeni hujulikana kwenye gunzi lile lile, msimu ule ule, bila kungoja mbegu ipandwe tena.

Huo ni uchunguzi wa vinasaba, unafanyika juu ya mkeka, na haugharimu hata shilingi. Nauleta hapa kwa sababu ubishi wetu wa GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba kwa uhandisi jeni, ambao kila baada ya miaka michache hufufuka na kuzikwa upya, umekosa kitu cha namna hiyo: ushahidi ambao mtu asiye na maabara anaweza kuuona mwenyewe. Wanaounga mkono wanatuambia tuwaamini wanasayansi. Wanaopinga wanatuambia tusiwaamini. Hakuna hata upande mmoja unaomwambia mtu wa Isyonje atazame nini.

Watafiti wenyewe wamekuwa na shida hiyo ya kuona tangu mwanzo. Kuingiza jeni kwenye mmea ni kazi ya kubahatisha. Njia iliyozoeleka humtumia bakteria wa udongoni aitwaye agrobakteria, ambaye kwa asili yake hupachika kipande cha vinasaba vyake ndani ya mimea na kuifanya iote vinundu. Mtafiti hukiondoa kipande cha ugonjwa na kuweka anachokitaka yeye. Lakini katika maelfu ya chembe zinazopitishwa kwa bakteria huyo, zinazopokea ni chache, na kwa macho zote zinafanana. Zipi zimepokea?

Jibu la kwanza lilikuwa la ukatili. Pamoja na jeni unayoitaka, unaweka jeni ya usugu dhidi ya antibayotiki, kisha unaotesha kila kitu kwenye dawa. Kisichopokea kinakufa. Linafanya kazi hadi leo, ila linaacha jeni ya usugu ndani ya zao, na hiyo ndiyo hoja ambayo wapinzani wa GMO hawahitaji hata kuieleza mara mbili. Jibu la pili lilikuwa la kistaarabu zaidi: ambatanisha jeni ya kiashiria, itakayotoa dalili pale ilipo. Mwaka 1987 Richard Jefferson na wenzake walikitangaza kiashiria cha GUS, ambacho ni kimeng'enya kutoka kwa bakteria wa tumboni, E. coli. Ukitumbukiza kipande cha mmea kwenye kemikali yake maalumu, palipo na jeni panageuka buluu. Buluu nzuri sana. Bahati mbaya kipande chenyewe kimeshakufa, na kemikali hiyo ni ghali na hutunzwa kwenye friza. Anayejua habari za umeme wetu anajua maana yake. Baadaye ikaja protini inayong'aa kijani, ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa yavuyavu wa baharini mwaka 1962, Martin Chalfie akaonyesha mwaka 1994 kwamba inafanya kazi ndani ya viumbe wengine, na wote wawili wakagawana Tuzo ya Nobel ya Kemia na Roger Tsien mwaka 2008. Hiyo haiui mmea. Lakini inataka taa maalumu, vichujio na mara nyingi hadubini ya bei ya gari, halafu klorofili ya majani nayo hung'aa wekundu chini ya taa hiyo na kuvuruga picha.

Ndipo mwaka 2020 maabara ya Yunde Zhao, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, ikatoa kiashiria walichokiita RUBY. Wazo lake ni jepesi mpaka unajiuliza kwa nini lilichelewa. Badala ya kuazima mng'ao wa kiumbe wa baharini, waliazima rangi ya bitiruti. Kila mmea una tairosini, mojawapo ya asidi amino za kutengenezea protini. Bitiruti lina vimeng'enya vinavyoichukua tairosini hiyo na kuigeuza hatua kwa hatua: cha kwanza huibadilisha umbo, cha pili hupasua pete yake, vipande vinaungana vyenyewe, na cha tatu hubandika sukari ili rangi itulie. Kinachopatikana ni betanini, wekundu ule unaobaki vidoleni ukimenya bitiruti. Watafiti walizifunga jeni zote tatu kwenye mkanda mmoja, zikasomeke kwa pamoja chini ya swichi moja. Palipo na jeni, pana wekundu. Hutumbukizi kitu, huui kitu, huwashi taa.

Tumbaku inaonyesha vizuri, na tumbaku Chunya wanaifahamu kuliko mimi. Unachukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, umelijaza maji yenye agrobakteria waliobeba RUBY. Unaligeuza jani, unalikandamiza bomba upande wa chini huku kidole kikizuia upande wa juu, unasukuma taratibu. Maji yakiingia ndani ya jani utaona doa la kijani kizito likitanuka, kama sehemu iliyolowa. Siku inayofuata hakuna cha maana. Siku ya pili au ya tatu doa linaanza wekundu, na likishashika halirudi nyuma. Mwanafunzi wa ualimu pale Mkwawa, Iringa, angeweza kumwonyesha mwenzake jeni ikifanya kazi bila kuingia chumba chenye mashine hata moja ya kutisha. (Kisheria doa hilo nalo ni GMO. Kibali kingehitajika, na ninaona ni sawa.)

Makala nyingi kuhusu RUBY huishia hapo, kwenye unafuu wa maabara. Mimi unafuu huo sina hamu nao kubwa. Ninachokiona ndani ya rangi hii ni kitu ambacho sidhani waliotengeneza walikuwa wanakifikiria: uwezekano wa mtu aliye nje ya uzio kuwakagua walio ndani.

Tukumbuke yaliyotupata. Tanzania ilitunga kanuni za usalama wa bioteknolojia mwaka 2009, zikiwa na kipengele kikali cha uwajibikaji: madhara yakitokea, aliyeleta analipa hata kama hakuzembea. Mwaka 2015 kipengele hicho kililegezwa kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya kustahimili ukame ya mradi wa WEMA yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya eneo lililofungwa. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe. Katika miaka yote miwili ubishi ulikuwa mkali, hadi huku Nyanda za Juu Kusini ambako hayakupandwa. Lakini ukisimama kwenye uzio wa Makutupora ungeona mahindi. Mahindi kama ya Igurusi, kama ya Ismani. Bua ni bua, mbelewele ni mbelewele. Mwananchi aliyeambiwa kwamba chavua haitoki hakuwa na njia ya kuhakiki, na aliyeambiwa kwamba imeshatoka na kuenea nchi nzima hakuwa na njia ya kukanusha. Uvumi haukuhitaji hata kujificha.

Sasa fikiria mahindi yale yangekuwa na RUBY chini ya swichi inayowaka ndani ya punje tu. Mmea shambani ungebaki kijani kama mwingine, lakini chavua yake ikidondokea nywele za hindi la jirani, punje ile ingetoka nyekundu. Msimu ule ule, kwenye gunzi lile lile. Kitaalamu hilo haliko mbali: watafiti wa China wamekwishatengeneza mpunga wenye betanini ndani ya punje, na RUBY imekwishatumika kwenye mahindi. Nasi tuna jambo moja ambalo nchi zinazolima mahindi ya njano hazina. Tunakula sembe nyeupe. Wazee waliokula unga wa yanga, ule wa msaada kutoka Marekani, mpaka leo wanausimulia kwa kukunja uso. Ung'ang'anizi wetu wa weupe, ambao wataalamu wa lishe wanaulalamikia kwa haki kabisa kwa sababu unatunyima karotini, kwa hili moja unatufaa: hakuna turubai bora ya kuonyesha punje nyekundu kuliko Nyanda za Juu Kusini, kilomita na kilomita za magunzi meupe yanayomenywa kwa mkono, moja baada ya jingine, na watu wenye macho yaliyozoea.

Na si lazima tuanze na GMO. Chavua ya mahindi ni nzito. Iliyo nyingi hudondoka ndani ya makumi machache ya mita, na ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu chotara hutenganisha mashamba yao kwa mita 200 au zaidi. Hizo ndizo namba ambazo wananchi huambiwa waziamini. Basi zipimwe mbele yao. Kituo cha utafiti wa kilimo kama TARI Uyole, kilichotupa mbegu za mahindi za UH6303 na UH615, kinaweza kupanda kipande cha mahindi ya kawaida ya zambarau au ya njano katikati, nyeupe kuzunguka pande zote, na wakati wa mavuno kuwaita wanakijiji wapukuchue na kuhesabu punje kwa umbali: mita 10, 50, 100, 200. Hakuna jeni ya kigeni hapo, hakuna kibali cha usalama wa bioteknolojia kinachohitajika. Matokeo yakionyesha kwamba chavua inaruka mbali kuliko tulivyoambiwa kwenye upepo wa milima ya Uporoto, tutakuwa tumejua kabla ya kujuta.

Rangi kwa kazi ya namna hii haingekuwa ngeni hata kwa majirani. Kiboko, nchini Kenya, tangu mwaka 2013 pana kituo cha CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, na KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, kinachoharakisha uzalishaji wa mistari safi ya mahindi, na kiini cha kazi yao ni jeni ya zambarau ya asili ya mahindi yenyewe. Wanachavusha kwa baba mwenye rangi. Punje yenye zambarau utosini na kwenye kiinitete ni ya kawaida. Yenye zambarau utosini lakini kiinitete cheupe imebeba seti moja tu ya kromosomu, ya mama, na hiyo ndiyo lulu yao, kwa sababu ndiyo huzaa mstari safi. Watu wanachambua kwa macho. Hakuna aliyeandamana, na hapakuwa na sababu ya kuandamana, maana hakuna uhandisi jeni humo. Kasoro ni kwamba kuna mahindi yenye jeni inayoizuia zambarau hiyo isitokee kabisa, na ndiyo maana mwaka 2023 watafiti walijaribu RUBY kwa kazi ile ile. Betanini haisubiri ruhusa ya jeni za zambarau za mahindi. Inataka tairosini tu.

Hadi hapa nimeisifu rangi. Ila rangi hudanganya, na kisa ninachokiona kizito kuliko vyote ni cha ua la petunia.

Mwaka 1987 watafiti wa Ujerumani walichukua jeni moja ya mahindi na kuiweka kwenye petunia. Petunia haina uwezo wa kutengeneza rangi ya chungwa. Kimeng'enya chake kinaikataa malighafi inayohitajika. Cha mahindi kinaikubali. Ua likatoka rangi ya tofali. Mwaka 1990 wakapanda petunia zipatazo 30,000 nje, mjini Cologne, kwa nia ya kutumia rangi hiyo kama kiashiria: kama kipande cha vinasaba kinachohamahama kingeruka na kuivunja ile jeni, ua moja moja lingetoka jeupe, nao wangelikamata. Jua la kiangazi likawaka. Maua yakaanza kufifia, mengi, yenye madoa, yenye mabaka, zaidi sana ya walivyotarajia. Jeni haikuwa imevunjika. Ilikuwepo mahali pake, nzima, ila mmea ulikuwa umeinyamazisha kwa kuipachika alama za kikemikali, na joto lilikuwa limechangia. Mwaka huo huo, huko Marekani, watafiti wengine walioongeza nakala ya jeni ya zambarau kwenye petunia ili iwe nzito zaidi walipata maua meupe. Jeni mbili za kazi moja zilizimana. Kutokana na mshangao ule, na kazi nyingine zilizofuata, ilifunguka njia iliyofikia Nobel ya Tiba ya mwaka 2006 kuhusu namna chembe zinavyonyamazisha jeni.

Kwa hoja yangu maana yake ni moja na ni chungu: wekundu ukionekana, jeni ipo, wekundu usipoonekana, huwezi kuapa kwamba haipo. Mkaguzi anayetembea kwenye magunzi meupe na kuandika "hakuna uchafuzi" atakuwa ameandika zaidi ya alichokiona. Rangi inaweza kumtia mtu hatiani, kumsafisha haiwezi. Kila asilimia ya magunzi yaliyoonekana safi lazima iambatane na sampuli zinazopelekwa maabara, na hapo tunarudi kwenye zile mashine za bei ya gari ambazo mashabiki wa RUBY walituambia tumeachana nazo.

Kisa cha petunia kina sehemu ya pili. Mwaka 2015 mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Teemu Teeri, alipita karibu na stesheni ya reli ya mji huo, akaona petunia za rangi ya chungwa kwenye vyungu vya barabarani. Akasimama, kwa sababu alikuwa anakumbuka utafiti wa 1987. Akachukua, akapima, akakuta jeni ya mahindi. Kufikia mwaka 2017 mamlaka za Ulaya na Marekani zilikuwa zinaagiza petunia ziondolewe madukani, aina kadhaa, baadhi zikiwa zimeuzwa kwa miaka bila mtu yeyote kuomba kibali. Rangi ilikuwa wazi mchana kweupe, mbele ya maelfu ya wasafiri. Haikumwambia mtu chochote mpaka alipopita aliyejua kuisoma.

Ndiyo maana nasema bwana shamba na mtendaji wa kijiji wafundishwe kwanza, kabla mbegu haijafika. Na huku kwetu wana kazi ya ziada, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zina wekundu wao wa asili wa kutosha kuzusha taharuki. Nenda shamba la mahindi la Umalila au Makete wiki chache baada ya kuota, siku za baridi na ukungu. Utakuta miche ambayo kingo za majani zimekuwa zambarau, wakati mwingine shina lote la chini. Hiyo ni njaa ya fosforasi. Udongo wetu wa volkano huishika fosforasi na kuinyima mizizi, baridi huizidishia mizizi uvivu, na sukari isiyotumika hugeuzwa kuwa antosianini. Mkulima anayejua huiona na kukumbuka kwamba mbolea ya DAP hakuiweka ya kutosha. Sasa waambie watu kwamba GMO ni nyekundu, halafu ngoja Januari. Simu zitapigwa kutoka kila kata.

Kuna njia ya kutofautisha, na inawezekana jikoni. Antosianini, rangi ya kabichi ya zambarau, ya choya na ya hiyo miche yenye njaa, hubadilika kwa uchachu. Saga, chuja, kamulia ndimu: zambarau inaruka kuwa waridi kali. Maji ya bitiruti au ya mchicha mwekundu, yenye betanini au ndugu zake, hayashtuki kwa ndimu. Yanabaki vile vile. Tena kimaumbile rangi hizi mbili hazijawahi kukutwa ndani ya mmea mmoja. Koo zinazotengeneza betanini na ndugu zake, kama mchicha, bitiruti na mpungate, hazitengenezi antosianini, na mahindi yako upande wa pili kabisa. Kwa hiyo hindi lenye wekundu usiojali ndimu linastahili kupigiwa simu. Hiki si kipimo cha mahakamani, lakini kinatosha kumfanya mtendaji alale au aamke.

Wanasayansi watanipinga kwa mambo mawili. La kwanza, rangi si ya bure: tairosini inayogeuzwa betanini haijengi protini, na mimea iliyokolea RUBY mwili mzima wakati mwingine hudumaa, kwa hiyo takwimu za mavuno zitapotoka. Hilo lina jibu jepesi. Swichi iwake ndani ya punje pekee, au jaribio la mavuno na jaribio la udhibiti wa chavua yafanywe kwenye vipande tofauti. La pili ni zito zaidi, na nakiri ndilo linalonisumbua. Ili rangi iseme kweli, lazima ikae bega kwa bega na jeni inayojaribiwa, kwenye kromosomu moja, karibu kabisa. Ikiwekwa mbali, vizazi vikipita zitatengana, na utapata punje nyeupe yenye jeni na punje nyekundu isiyo nayo. Lakini rangi iliyokaa karibu hivyo haitoki kirahisi siku ukiamua zao liende sokoni, na sembe nyekundu hakuna atakayeinunua Mwanjelwa. Ni suala la lebo: iliyoshonwa haiibwi, ila kuitoa ni kuchana nguo. Zipo njia za kuweka alama mbili kuzunguka jeni za rangi ili kimeng'enya maalumu kije kuzikata baadaye. Zinafanya kazi. Ila kila mkato nao ni badiliko jipya linalohitaji kuchunguzwa, na mwombaji atataka kuuruka uchunguzi huo.

Kwenye viazi mviringo hesabu inabadilika. Huku Mbeya na Njombe kiazi ni kati ya mazao ya chakula yanayopulizwa sana dawa ya ugonjwa wa ukungu, mara nyingi kila wiki mvua ikishika, na majirani zetu Uganda na Kenya wamekuwa wakijaribu viazi vyenye jeni za viazi mwitu za kuzuia ugonjwa huo. Swali likija kwetu, litakuja na kiazi kabla ya hindi. Na kwenye kiazi hofu yangu si chavua, kwa sababu mkulima hapandi mbegu ya ua, anapanda kiazi chenyewe. Hofu ni maotea. Hakuna aliyewahi kuvuna shamba la viazi akamaliza. Vile vidogo vinabaki ardhini, na mvua za kwanza zinavitoa katikati ya mahindi au maharage ya msimu unaofuata. Mtu anavifukua, anavitupia kwenye kiroba, vinakwenda. Eneo la majaribio lililofungwa miaka miwili iliyopita linaweza kuvuja hivyo, kiazi kimoja kimoja, bila mtu kuvunja uzio. Hapo rangi isiwe ndani ya kiazi, iwe kwenye chipukizi na majani machanga. Otea jekundu katikati ya maharage ya kijani linaonekana kutoka barabarani, na mtoto anaweza kutumwa kuling'oa. Ila kuna tahadhari: baadhi ya aina zetu zina vichipukizi vya zambarau kwa asili, kwa hiyo ndimu haikwepeki.

Najua wapo watakaokasirika pande zote. Baadhi ya wanaharakati hawatapenda, kwa sababu kudai rangi ni kukubali kwamba majaribio yanaweza kufanyika. Baadhi ya watafiti nao hawatapenda, kwa sababu shamba jekundu huvuta kamera, na miaka ya 2016 hadi 2018 imewafundisha kuzikwepa kamera. Nawaelewa hao wa pili kuliko wa kwanza, lakini sikubaliani nao. Shamba lililofanana na mengine halikuwakinga.

Ninachotaka kiandikwe kwenye kibali ni hiki: jaribio lolote la nje la zao linalochavuka au linaloacha maotea liwe na kiashiria cha rangi kinachoonekana kwa macho, kilichofungwa karibu na jeni inayojaribiwa, mashamba ya jirani yapukuchuliwe mbele ya wenyewe, na sampuli za vilivyo vyeupe zipelekwe maabara isiyo ya mwombaji. Gharama ni ya mwombaji. Hiyo inahusu majaribio pekee. Siku zao likiruhusiwa na rangi ikakatwa, macho ya mkulima hayatamsaidia tena, na atakachobaki nacho ni pakiti ya mbegu na lebo ya kukwangua ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Hadi leo hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara nchini, kwa hiyo muda wa kuamua lebo hiyo iandikwe nini bado upo, na uamuzi huo hauhitaji maabara wala rangi.